Jinsi ya kuomba kibali cha kupiga picha ndani ya nyumba ya kihistoria

Barua yangu ya kwanza iliomba "kupiga picha za jengo". Ilikubaliwa upesi. Siku ya kazi mlinzi akaisoma mlangoni, akaitazama stendi ya kamera begani kwangu, akanirudisha. Kibali kilitaja jengo tu. Vyumba havikuwemo, stendi haikuwemo. Alikuwa sahihi. Kuomba upya kulinigharimu wiki tatu.

Kabla hujaandika lolote, uliza nani mwenye nyumba na nani mwenye vilivyomo. Mara nyingi ni watu tofauti: kuta ni za taasisi, samani zimeazimwa kutoka kwa familia fulani, na michoro ya ukutani ina hakimiliki ya msanii au warithi wake. Kwa Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mchoro hulindwa angalau miaka 50 baada ya kifo cha msanii, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo mchoro mmoja wa karibuni, ukitundikwa katika ukumbi wa kale, unaweza kukuzuia kuchapisha picha ya ukumbi mzima. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshapiga, na picha zangu mbili za ukumbi sijaweza kuzitoa mpaka leo.

Kwenye barua, taja matumizi: utafiti, kitabu, tangazo au kumbukumbu yako binafsi. Masharti na ada hufuata matumizi. Vyumba vitaje kimoja kimoja, kwa majina yale yale yaliyo kwenye ramani ya nyumba. Maneno "na vyumba vingine" hayafungui mlango wowote.

Stendi ipe aya yake yenyewe. Vyumba vyenye vitambaa vya zamani, karatasi au michoro ya rangi za maji huwekewa mwanga hafifu, kwa kawaida laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza na rangi iliyopauka hairudi. Kwa mwanga huo, ukiweka ISO 100, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na tundu la lenzi f/8, shata (pazia la kamera) hukaa wazi sekunde tatu hivi. Mkono hautulii muda wote huo. Lieleze hilo waziwazi, kisha useme kwamba miguu ya stendi ina soli za mpira, haitagusa ukuta, na hutawasha flashi hata mara moja. Mhifadhi anayesoma barua anahofia sakafu yake, na ana haki ya kuhofia. Mjibu kabla hajauliza.

Ambatisha nakala ya bima inayofidia mali ya watu wengine. Omba saa za kabla ya wageni kuingia, na mfanyakazi mmoja wa kufungua madirisha na kusogeza viti, maana wewe hutakiwi kugusa kitu. Omba pia kutembea humo siku moja bila kamera, uone jua linaingilia wapi na vioo vinatazama upande gani.

Kibali kikitoka, kilinganishe na barua yako siku hiyo hiyo, neno kwa neno. Changu cha pili kilisahau ngazi za ghorofani. Simu moja ilitosha kukisahihisha, na picha ya ngazi zile ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nenda na nakala mbili zenye muhuri. Moja hubaki kwa mlinzi.