Kuchambua 123,456,789 kwa mkono hadi vigawo vyake tasa

Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha tarakimu 10. Cha tarakimu 8 hakitoshi, maana namba yenyewe ina 9.

Hatua ya 1: Ondoa vigawo vidogo

Jumla ya tarakimu zake ni 45, kwa hiyo inagawanyika kwa 9. Ukigawa unapata 13,717,421. Jumlisha tena tarakimu: 26, ambayo haigawanyiki kwa 3. Basi 3 inaingia mara mbili tu.

2 na 5 zinajitoa zenyewe. Kwa 7, 11 na 13 tumia njia moja, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001: kata tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana. 421 − 717 + 13 = −283. Namba 283 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu.

Hatua ya 2: Tumia njia ya Fermat

Ukiendelea kujaribu namba tasa moja moja, utakuwa umepitia namba tasa zaidi ya 500 kabla ya kufika kwenye kigawo. Badala yake, tafuta a na b ili 13,717,421 = a² − b². Ukizipata, vigawo ni a − b na a + b.

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni kama 3,703.7, kwa hiyo anza na a = 3,704:

3,704² − 13,717,421 = 2,195. Si mraba: mraba ukiishia na 5, lazima uishie na 25.

3,705² − 13,717,421 = 9,604 = 98².

Umemaliza kwa jaribio la pili! Vigawo ni 3,607 na 3,803. Njia hii imekwenda haraka kwa sababu vigawo hivyo vimekaribiana. Vingekuwa mbalimbali sana, ingechukua muda mrefu kuliko kugawa kwa kawaida. Ukiruka Hatua ya 1 na kuitumia kwenye namba nzima, utapata 10,821 × 11,409. Jibu ni sahihi, ila zote mbili bado zinagawanyika kwa 3.

Hatua ya 3: Hakikisha ni tasa

Usiikwepe hatua hii. Njia ya Fermat hutoa vigawo bila kuahidi kwamba ni tasa. Gawa 3,607 kwa namba tasa zote hadi 59, na 3,803 hadi 61. Kila mara kutakuwa na baki. Kwa hiyo:

123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803

Hatua ya 4: Soma sifa zake

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha: 3 × 2 × 2 = 12.

Jumla ya vigawo: (1 + 3 + 9) × 3,608 × 3,804 = 178,422,816. Kosa la kawaida ni kuandika 1 + 9 kwenye mabano na kuisahau 3. Ukiondoa namba yenyewe inabaki 54,966,027, ambayo ni ndogo kuliko 123,456,789. Namba ya aina hii huitwa pungufu.