Kituo cha hali ya hewa cha darasa: chupa, bendera na daftari moja

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukariri maana ya hali ya hewa neno kwa neno na bado asijue kama mvua ya jana ilikuwa kubwa au ya kawaida. Kinachomfundisha ni kupima kitu kilekile, mahali palepale, saa ileile, kila siku, halafu kubishana na mwenzake juu ya namba waliyoipata. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa darasa la III hadi la V ambaye hana maabara wala fungu la kununua vifaa.

Kwanza angalia kalenda ya mvua ya mahali ulipo. Kwa Tanzania, pwani ya kaskazini, kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria kuna misimu miwili: Vuli, Oktoba hadi Desemba, na Masika, Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Mbeya, Ruvuma na mikoa mingine ya kati, magharibi na kusini ina msimu mmoja mrefu, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Mwalimu wa Dodoma akianza na kipimamvua mwezi Julai, watoto wataandika sifuri mpaka wachoke. Miezi hiyo anza na joto na upepo, mvua isubiri.

Kipimamvua cha chupa

Chukua chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo mwili wake umenyooka. Zenye kiuno na mikunjo mingi ziache. Kata pale bega linapoishia na mwili ulionyooka unapoanza, toa kizibo, kisha geuza kipande cha juu kichwa chini na kukipachika ndani kama faneli. Ukingo zungushia selotepu usije ukakata vidole. Faneli si pambo: inazuia maji yasikauke kwa jua kabla hayajapimwa.

Sasa kitako. Vitako vingi vya chupa vina mabonde, kwa hiyo milimita chache za kwanza ukizisoma kwa rula utasoma uongo. Kuna njia mbili za kulikwepa hilo.

Kwa watoto wadogo, weka kokoto, mimina maji mpaka yafike sehemu iliyonyooka, na hapo chora mstari wa sifuri kwa maka peni isiyofutika. Juu yake chora milimita kwa rula. Ubaya wake ni kwamba maji ya sifuri hupungua kwa jua hata kama faneli ipo, hivyo kila asubuhi baada ya kusoma lazima yarudishwe kwenye mstari. Darasa likisahau siku mbili, mvua ya milimita 3 inaweza kusomeka kama haikunyesha kabisa.

Kwa darasa la IV na V kuna njia bora: acha chupa tupu, na asubuhi vuta maji yote kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, linalouzwa duka la dawa. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli. Tuseme ni sentimita 9. Nusu yake ni 4.5, 4.5 × 4.5 × 3.14 inatoa eneo la sentimita za mraba 63.6. Mvua ya milimita 1 juu ya eneo hilo ni mililita 6.36. Kwa hiyo watoto wakikuta mililita 64, imenyesha milimita 10. Kwa njia hii umbo la kitako halina neno tena. Andika jedwali dogo la kubadilisha mililita kuwa milimita, libandike ukutani, na hesabu ngumu hairudiwi kila siku.

Mahali pa kukiweka ndipo walimu wengi wanapokosea. Kisikae chini ya mwembe wala karibu na ukuta. Kanuni ya chini kabisa: umbali kutoka kwenye kizuizi uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Paa likiwa na urefu wa mita 4, kaa mita 8 au zaidi. Mdomo wa chupa uwe sentimita 30 juu ya ardhi, maana ukiwa chini zaidi, matone yanayodunda kwenye udongo huingia ndani na utayaona: maji yatakuwa na rangi ya tope. Ifunge chupa kwenye mti uliosimikwa imara, au itumbukize kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga na kupandishwa juu ya matofali. Mdomo uwe sawa kabisa bila kuinama. Kama huna pimamaji, laza juu yake chupa ndogo yenye maji nusu na utazame maji yanakoegemea.

Kipimamvua kinasomwa saa 3 asubuhi. Huo ndio muda ambao vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hupima mvua ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo namba za darasa zitaweza kulinganishwa na za kituo kilicho karibu. Wapangie zamu watoto wawili wawili. Wa kwanza anachuchumaa mpaka jicho lake liwe usawa wa maji, anasoma chini ya mkunjo wa maji na si kwenye kingo zilizopanda ukutani, anaandika kwenye kikaratasi na kukificha. Wa pili anafanya hivyohivyo. Ndipo wanafunua. Zikipishana kwa zaidi ya milimita 1, wanarudia. Kwenye njia ya bomba la sindano anayesoma bila kuona namba ya mwenzake avute upya maji yaleyale kutoka kwenye kikombe, kwa hiyo msiyamwage kabla wote wawili hawajamaliza.

Jumatatu ina mtego wake. Maji yaliyomo ni ya tangu Ijumaa asubuhi, na mtoto akiyaandika yote kwenye mstari wa Jumatatu, mwisho wa mwezi darasa zima litaamini kwamba Jumatatu huwa na mvua kubwa. Piga mabano kwenye siku tatu na uandike jumla moja. Na siku kavu iandikwe 0. Nafasi iliyoachwa wazi maana yake hakuna aliyepima, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Wakishazoea, wape hesabu hii: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Paa la darasa la mita 8 kwa 7 lina mita za mraba 56. Mvua ya milimita 20 inaliangushia lita 1,120. Tangi la lita 1,000 lingejaa kwa mvua moja, ukiondoa kinachovuja kwenye mifereji. Watoto wanaobeba ndoo asubuhi hawahitaji kuelezwa maana ya namba hiyo.

Joto

Kipimajoto cha homa hakifai. Kimetengenezwa kwa nyuzi 35 hadi 42 hivi, na aina ya zamani haishuki mpaka kikung'utwe. Nunua cha chumba chenye kimiminika chekundu cha alkoholi; cha zebaki kisiletwe darasani, kikivunjika ni sumu.

Kabla ya kukitundika, fanya jaribio la dakika 10: weka kimoja juani na kingine kivulini. Waulize watoto kipi kinasema kweli. Wengi watachagua cha juani kwa sababu ndipo wanaposikia joto. Jibu ni kwamba cha juani kinapima jinsi chenyewe kilivyochomwa na jua, si joto la hewa. Ndiyo maana vituo halisi huweka vipimajoto ndani ya kibanda cheupe chenye mbao za kupishana, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, hewa ikipita bila jua kuingia. Kreti ya mbao iliyopakwa chokaa nyeupe, ikaezekwa juu na kuinuliwa kwa miguu minne, inatosha kwa shule. Usikitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua wala chini ya bati tupu, kwani bati la saa 8 mchana litakuongezea nyuzi kadhaa.

Someni saa 3 asubuhi na saa 8 mchana. Anayesoma asishike tungi la chini, na asilipumulie. Mstari wa daftari unaoruka ghafla nyuzi 4 kuliko jana mara nyingi una kidole cha mtu ndani yake.

Upepo, na kwa nini jina lake huwachanganya

Kishale cha upepo ni mrija, pini, penseli yenye kifutio, na vipande viwili vya boksi gumu: kichwa kidogo mbele, mkia mkubwa nyuma. Choma pini katikati ya uzito wa mrija, si katikati ya urefu wake, halafu uichomeke kwenye kifutio. Mkia ukiwa mdogo kuliko kichwa, kishale kitageuka kinyume. Kikikwama, pini imebana. Panua tundu la mrija.

Kichwa huelekea upepo unakotoka. Hapa ndipo mtoto huchanganyikiwa, kwa kuwa kila mshale mwingine anaoujua unaonyesha kitu kinakokwenda. Kiswahili kinakusaidia: Kusi ni upepo unaotoka kusini, Kaskazi unatoka upande wa kaskazini, wala hakuna mvuvi anayeuita kwa kule unakoelekea. Mtoto wa pwani huenda tayari anajua kwamba Kaskazi huvuma miezi ya Desemba hadi Machi na Kusi katikati ya mwaka. Muulize kabla hujamweleza.

Kupata kaskazini bila dira: simika kijiti wima, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 30, weka la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea karibu mashariki. Ukitumia dira ya simu, ondoka karibu na mabati na nguzo za chuma.

Kasi ya upepo isitengenezewe kifaa. Bendera ya shule iko pale. Tumia ngazi zilizofupishwa kutoka kwa kipimo cha mwanamaji Francis Beaufort cha mwaka 1805: moshi wa jikoni unapanda wima, 0, moshi unalala lakini majani yametulia, 1, unausikia usoni na majani yanachakarisha, 2, bendera inanyooka, 3, vumbi na karatasi vinaruka, 4.

Vitu viwili vya kuachana navyo

Cha kwanza ni baromita ya puto lililofunika mdomo wa chupa. Inapendeza kuitazama na haipimi inachodai. Katika nchi zetu za karibu na ikweta, mgandamizo wa hewa hubadilika kidogo sana kwa siku, takriban hektopaskali 3 hadi 4, na joto la hewa iliyofungwa ndani ya chupa likipanda nyuzi 1 tu linasukuma puto kwa kiasi kilekile. Umetengeneza kipimajoto kibovu.

Cha pili ni kuwachoresha watoto mzunguko wa maji kabla hawajaona maji yakitoka hewani. Leta chupa ya juisi ya rozela iliyolala kwenye friji, iweke mezani, waache waitazame. Baada ya dakika chache itatoka jasho. Uliza maji yametoka wapi, na wengi watasema imevuja. Sasa futa tone kwa karatasi nyeupe: halina wekundu. Ikiwa juisi ni nyekundu na tone ni jeupe, halikutoka ndani. Wape muda wa kuumiza vichwa na jambo hilo; usilijibu wewe.

Ukitaka kuonyesha wingu, mimina maji ya moto, yasiyochemka, kimo cha sentimita 2 kwenye chupa ya kioo ya jemu. Washa kiberiti, kizime, kidumbukize ndani kikiwa bado kinatoa moshi, na mara moja funika kwa kisahani chenye barafu. Mvuke unahitaji chembe za kushikilia ili uwe matone, na moshi ndio chembe hizo. Watoto watadai wingu lenyewe ni moshi. Rudia kwa chupa kavu, moshi peke yake bila maji, waone tofauti. Kiberiti kishikwe na mwalimu.

Radi

Somo hili lisingoje ratiba. Mwanga ukionekana, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, hakuna anayetoka kwenda kusoma kipimamvua, hata kama ni saa 3 kamili. Wakae ndani, mbali na madirisha, nguzo za chuma na mabomba. Walio uwanjani waondoke chini ya miti na mbali na mlingoti wa bendera, waingie ndani, na watoke nje baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Utasikia kuhusu nguo nyekundu na vioo vya kufunikwa kwa khanga. Usimcheke bibi ya mtu. Waulize tu radi huanza kufikia kitu gani ikishuka, kifupi au kirefu, kilicho wazi au kilichojificha, na nguo nyekundu inabadilisha nini hapo.

Daftari

Moja tu kwa darasa, gumu, lenye safu za tarehe, joto la asubuhi, joto la mchana, mvua, upepo ulikotoka, nguvu yake, mawingu, na maoni. Mawingu yaandikwe kwa robo: anga safi, robo, nusu, robo tatu, limefunikwa lote, bila mtu kulitazama jua. Safu ya maoni ndiyo itakayookoa namba: "mbuzi aliangusha chupa" ni taarifa muhimu kuliko 0 ya kubuni. Siku hiyo mvua iandikwe kistari.

Mwisho wa mwezi chora grafu ya nguzo za mvua, na hapo ndipo neno tabianchi linapoingia: mwezi mmoja wa daftari ni hali ya hewa, wastani wa miaka 30 ya mahali hapo ni tabianchi. Kwa hiyo daftari lisitupwe darasa likipanda. Lipokelewe na linalofuata. Chupa yenyewe hukauka na kupasuka kwa jua. Kata mpya kabla ya kila msimu wa mvua, na kama ni ya kampuni nyingine, pima kipenyo upya na ubadilishe jedwali lililo ukutani.