Miembe ikichanua sana usikimbilie kukopa mbegu

Kila kipupwe kikiingia hapa Pemba, kusi linavuma na asubuhi mtu hatoki bila shuka, utawasikia wazee barazani, eeh mwaka huu miembe imechanua, vuli itakuwa kubwa hiyo. Kijana anasikia, anakwenda kukopa mbegu. Mimi alama hizi sizidharau, nimekulia nazo, ila watu hawazitenganishi na hapo ndipo hasara inapoingilia: ipo alama ya kinachokuja na ipo ya kilichokwisha kupita.

Mwembe ni wa kilichopita. Unachanua kwa baridi na ukavu wa kipupwe chenyewe, kwa hiyo maua yale ni habari za Juni na Julai, Oktoba hayaijui. Tena si sisi peke yetu, Marekani wana kiwavi wa manyoya, mweusi na mshipi wa kahawia katikati, mshipi ukiwa mpana wanasema baridi ya mwaka huo itakuwa nyepesi, kumbe unapanuka tu kadiri kiwavi anavyokua.

Kilimia nacho, kile kikundi cha nyota, kina usemi wake, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kinapotea magharibi kwenye Mei hivi, kinarudi alfajiri mwezi wa Juni. Kama kalenda ni kizuri mno, sawa na miongo, zile siku kumi kumi wazee wanazohesabu tangu siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa Waswahili, mwezi wa Julai. Lakini nyota inakwambia msimu umefika, haikwambii mvua itakuwa kiasi gani, maana vuli yetu inategemea joto la bahari za mbali, mwaka 1997 El Niño ilitumwagia mvua ya ajabu na Kilimia kilikuwa pale pale pake. Kwa hilo sikiliza utabiri wa vuli na wa masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Alama za karibu sasa ndizo za kuzishika. Mwezi ukifanya duara maana yake juu kuna mawingu membamba ya barafu, unyevu unasogea, mvua inaweza kuja siku moja mbili. Mara nyengine haiji, lakini kwa mwenye karafuu hiyo mara moja inatosha! Mimi niliuona mwezi una duara nikasema aah, nikalala na karafuu zangu jamvini uani, pishi nane, saa tisa usiku manyunyu hayo. Zilivunda, zikatoka nyeupe hazina hata harufu. Karafuu inataka jua siku nne tano mfululizo, ukiona duara kunja jamvi uingize ndani, basi.

Na mpunga usitie kwa mvua ya kwanza hata vyura walie vipi. Chimba kwa jembe, udongo uwe umerowa shubiri nzima ndio utie mbegu.

Halafu pima. Kopo lililonyooka pande zote liweke pasipo na mti, asubuhi tia rula, milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba ya shamba, andika na alama uliyoiona jana yake, misimu mitatu minne utajua ipi ya kweli kwako. Jirani yangu hana daftari, anaandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, mwongo wa ngapi, mvua kiasi gani, mwezi una duara au hauna, na mkewe keshaufuta mara mbili.