Umeitwa semina ya teknolojia likizo hii? Fanya hivi

Mwalimu mwenzangu, usiende mikono mitupu. Beba mada moja inayokusumbua kufundisha, mimi nilibeba grafu za hisabati maana watoto walikuwa wananakili tu mstari ubaoni bila kuelewa unatoka wapi, basi mkufunzi alipotufungulia GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya hisabati, nikaandika y = ax + 2, nikavuta kile kidude cha kubadilisha namba ya a polepole kutoka 1 mpaka 5 na mstari ukawa unasimama mbele ya macho yangu, nikakirudisha mpaka chini ya sifuri ukainamia upande wa pili. Hapo hapo nikajua kipindi changu cha kwanza muhula ujao nitakianzaje.

Ukionyeshwa programu kumi chagua moja, zikizidi sana mbili. Kweli kabisa, zingine andika jina tu kwenye daftari. Ile uliyochagua irudie jioni hiyo hiyo kwa mikono yako bila mkufunzi, ukikwama andika umekwamia wapi, kesho yake uliza hilo kwanza kabla hawajaanza kitu kipya.

Halafu ijaribu intaneti ikiwa imezimwa, hii wengi tunaisahau. GeoGebra ukishaipakua kwenye kompyuta inafanya kazi bila mtandao, ila Kahoot, ule mchezo wa maswali na majibu, mkicheza pamoja darasani lazima mtandao uwepo.

Shule zikifungua, ndani ya wiki 2 kifundishe hicho kipindi, ukichelewa vidole vinasahau, na mwite mwalimu wa darasa la jirani aje akae nyuma aone.