Kushiba kwa Kalori Chache katika Jiko la Mtwara na Lindi

Anayetaka kupunguza uzito akiwa Mtwara au Lindi hana haja ya vyakula vilivyoagizwa kutoka mbali, kwa kuwa vingi vya kushibisha vipo sokoni na ufukweni. Cha kuangaliwa kwanza ni kile kinachoongezwa jikoni. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hutoa 4; ndiyo maana kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, chenye kilokalori zipatazo 120, huongeza nishati nyingi bila shibe ya maana.

Anza na mbaazi. Kikombe kimoja cha mbaazi kavu zilizochemshwa kina takriban kilokalori 200, protini gramu 11 na nyuzinyuzi zinazokaribia kiasi hicho hicho, na hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyomkalisha mlaji muda mrefu bila kutamani kitu. Penye mtego ni kwenye tui. Tui la kwanza, lililokamuliwa kwa maji machache, linaweza kupita kilokalori 500 kwa kikombe, yaani zaidi ya mara mbili ya mbaazi zenyewe. Hata hivyo, simshauri mtu wa Pwani aache nazi kabisa, maana chakula kisichomridhisha hatakirudia. Ziloweke mbaazi usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uzichemshe kwa maji mapya hadi zilainike, uzipike na kitunguu, nyanya, manjano na pilipili, na unapokaribia kuepua utie tui la pili, au vijiko viwili vitatu tu vya tui zito ili ladha ibaki. Njia hiyo inafaa pia kwa kunde, choroko na kisamvu, ila kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana viini vinavyozalisha sumu ya sayanaidi.

Kwa upande wa kitoweo, samaki wa chukuchuku au wa kuchoma, aliyekolezwa ndimu na chumvi kidogo, ni bora kuliko wa kukaanga. Pweza anafaa zaidi ya wanavyomdhania wengi: gramu 100 za pweza mbichi zina kilokalori kama 80 na protini gramu 15, na kwa kuwa nyama yake inahitaji kutafunwa taratibu, mlaji hapati nafasi ya kuufakamia mlo.

Muhogo na ming'oko (viazi vya porini) havikatazwi, lakini vihesabiwe kuwa ndio wanga wa mlo huo, si nyongeza ya ugali au wali. Nusu ya sahani ijazwe mboga za majani kama matembele au majani ya maboga. Mimi huupa mlenda nafasi ya kwanza, kwa kuwa huteremsha ugali vizuri bila kudai hata tone la mafuta.

Korosho, fahari ya mikoa hii, zina virutubisho vizuri, lakini gramu 100 zake zina kilokalori zipatazo 550. Pima kiganja kimoja, takriban gramu 30, uweke kwenye kisahani, na kopo lirudi kabatini kabla hujaanza kula. Ukitaka kitafunwa cha kula kwa wingi, chukua tango, papai au tikiti maji, ambalo lina kilokalori 30 tu kwa gramu 100. Msimu wa korosho, mabibo mabivu nayo yana maji mengi na vitamini C. Chungwa liliwe na nyama yake, kwani juisi iliyochujwa hupoteza nyuzinyuzi zinazoleta shibe. Njaa ikibana kweli, yai moja la kuchemsha lina kilokalori kama 75.

Usisahau chai: vijiko vitatu vidogo vya sukari, mara tatu kwa siku, hufikia kilokalori zipatazo 140. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze wanga ghafla kabla ya kuonana na daktari wake, kwa kuwa sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi.