OSPF kwenye MikroTik: minara mitatu, Moshi hadi Marangu

Mtandao ninaoueleza hapa una minara mitatu. Intaneti inaingia Moshi, inakwenda Himo, halafu inapanda Marangu. Ipo pia redio ya masafa marefu inayotoka Moshi moja kwa moja hadi Marangu. Spidi yake ni ndogo, kwa hiyo ilikaa kama akiba tu. Kila mnara una ruta ya MikroTik, na njia zote ziliandikwa kwa mkono.

Mafundi wenzangu huniuliza kwa nini nihangaike na OSPF, yaani protokali inayoziwezesha ruta kupashana habari na kutafuta njia zenyewe, kwa minara mitatu tu. Jibu liko kwenye kebo fupi inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye redio. Redio ya Himo ikipoteana na ile ya Marangu, kebo hiyo bado ni nzima, taa ya porti inawaka, na ruta inaamini njia ipo. Njia iliyoandikwa kwa mkono itaendelea kumwaga pakiti kwenye redio isiyo na mwenzake, na wateja wa Marangu wamekatika huku redio ya akiba iko hewani haina kazi. Ukiweka check-gateway=ping, yaani ruta impigie jirani ping kila mara, utamgundua jirani wa karibu aliyezimika, lakini hitilafu ikiwa hatua moja mbele yake hutajua. OSPF haitegemei taa ya porti. Ruta husalimiana kila sekunde 10, na jirani akikaa kimya sekunde 40 anafutwa. Hapo ramani ya mtandao inachorwa upya na kila ruta inajihesabia njia fupi, kwa kanuni ileile aliyoichapisha Dijkstra mwaka 1959.

Anza kwa kuangalia toleo: /system resource print. Maelezo yangu ni ya RouterOS 7. Maelekezo mengi yaliyosambaa bado ni ya toleo la 6, yanayotumia /routing ospf network, na kwenye 7 amri hiyo haipo.

Kisha panga anwani kwenye karatasi. Napenda namba zinazojieleza. Moshi ni 1, Himo ni 2, Marangu ni 3. Kiungo cha Moshi na Himo kinakuwa 10.10.12.0/30, cha Himo na Marangu 10.10.23.0/30, cha Moshi na Marangu 10.10.13.0/30. Wateja wa Himo wako 10.20.2.0/24, na wengine vivyo hivyo. Usiku wa manane, ukiona 10.10.23 kwenye traceroute (amri inayoonyesha vituo pakiti inavyopitia), unajua pakiti iko wapi bila kufungua faili lolote.

Kila ruta pia ipewe anwani yake ya kudumu isiyotegemea porti yoyote. Hii ni ya Himo, kwenye lo (loopback, porti ya ndani isiyo na kebo):

/ip address add address=10.255.0.2/32 interface=lo

Kama toleo lako la 7 ni la mwanzo na halina lo, tengeneza bridge tupu uipe jina hilo. Sasa washa Safe Mode kwenye Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), ili mawasiliano yakikatika ruta irudishe yenyewe ulichobadilisha, kisha andika, bado kwenye ruta ya Himo:

/routing ospf instance add name=ospf1 version=2 router-id=10.255.0.2
/routing ospf area add name=kuu instance=ospf1 area-id=0.0.0.0
/routing ospf interface-template add area=kuu interfaces=ether2 type=ptp cost=10 auth=sha256 auth-id=1 auth-key=NenosiriLako
/routing ospf interface-template add area=kuu interfaces=ether3 type=ptp cost=10 auth=sha256 auth-id=1 auth-key=NenosiriLako
/routing ospf interface-template add area=kuu interfaces=lo,bridge-wateja passive

Hapo ether2 inaelekea Moshi na ether3 inaelekea Marangu. Taja porti kwa jina, kila mara. Ukiacha interfaces na networks vyote vitupu, OSPF itawashwa kwenye kila porti, pamoja na ile ya wateja, na mteja mwenye ruta yake anaweza kujifanya jirani yako akakutangazia njia za uongo. Hiyo passive ya mstari wa mwisho inatangaza mtandao wa wateja bila kusalimiana nao. Nenosiri nalo si la hiari kwenye mtandao wa redio. Ninaona vibaya sana mtandao unaobeba zahanati na shule ukiachwa wazi kwa sababu fundi alikuwa na haraka.

Ikiwa filta ya firewall yako ya input (pakiti zinazoingia kwenye ruta yenyewe) inakataa kila kisichoruhusiwa, ongeza:

/ip firewall filter add chain=input protocol=ospf in-interface=ether2 action=accept place-before=0

na nyingine kama hiyo kwa ether3. OSPF haitumii TCP wala UDP. Ni protokali namba 89, kwa hiyo kufungua porti za kawaida hakusaidii.

Moshi ndiyo yenye intaneti, basi ndiyo itakayotangaza njia ya kutokea nje:

/routing ospf instance set ospf1 originate-default=if-installed

Itaitangaza tu ikiwa yenyewe inayo. Weka check-gateway=ping kwenye njia hiyo ya Moshi. NAT, yaani kubadilisha anwani za wateja wanapotoka nje (MikroTik huiita masquerade), pia ibaki Moshi peke yake. Ukiacha masquerade Himo na Marangu, utapoteza anwani halisi za wateja.

Sasa gharama: OSPF huchagua njia yenye jumla ndogo zaidi. Viungo vya Himo nimevipa 10 kila kimoja, redio ya akiba nimeipa 50. Marangu kwenda Moshi kupitia Himo ni 20, moja kwa moja ni 50, hivyo akiba inasubiri hadi ihitajike. Andika gharama ileile pande zote mbili za kiungo. Usipofanya hivyo, pakiti zinaweza kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na filta inayotupa pakiti za invalid (ambazo ruta haikuona mwanzo wa mawasiliano yake) katikati ya safari itakukatia wateja bila sababu ya kuonekana haraka.

Angalia majirani:

/routing ospf neighbor print

Unataka kuona Full, yaani ruta mbili zimeshabadilishana ramani yote. Ukiona Init, salamu zinafika upande mmoja tu. Orodha ikiwa tupu, kagua anwani, nenosiri, filta na muda wa salamu, ambao lazima ulingane pande zote. Hali inayosumbua zaidi ni ExStart au Exchange isiyosogea: salamu zinafika kwa sababu ni pakiti ndogo, lakini pande mbili hazina MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) moja, au redio iliyo katikati haipitishi pakiti kubwa. Pima hivi:

/ping 10.10.23.2 size=1500 do-not-fragment

Ikigoma kwa 1500 na kukubali kwa 1400, tatizo umelipata. Rekebisha MTU kwenye porti na kwenye redio zenyewe.

Njia zako za zamani usizifute kwa pupa. Njia ya mkono ina distance 1 na ya OSPF ina 110, na namba ndogo ndiyo inayopendelewa, kwa hiyo ya mkono inashinda, na ya OSPF inakaa kwenye jedwali bila herufi A (inayotumika). Hii ni nafasi nzuri: linganisha kwanza, ukiridhika izime ya mkono kwa disable, moja moja, ukianzia mnara wa mbali. Ya OSPF ikigeuka kuwa DAo, yaani sasa ndiyo inayotumika, sogea kwa inayofuata.

Jaribio la kweli halifanyiki kwa kuchomoa kebo ya ruta, maana hapo porti inazimika na OSPF inajua papo hapo. Zima mawimbi ya redio ya Himo inayotazama Marangu, kebo ikiwa mahali pake, huku ping ikikimbia kutoka Marangu kwenda 10.255.0.1, anwani ya kudumu ya Moshi. Itakatika kwa sekunde zisizozidi 40 hivi, kisha itarudi kupitia 10.10.13. Kama wateja wako wanapiga simu za intaneti na muda huo ni mrefu, weka hello-interval=2s dead-interval=8s pande zote mbili. Kwa redio inayoyumba nisingeshuka chini ya hapo, kwa sababu kila salamu chache zikipotea njia zitahama na kurudi.

Ikishatulia, toka Safe Mode, fanya /export file=himo-ospf kwenye ruta ya Himo, kisha Moshi na Marangu kwa majina yao, na uhamishe mafaili hayo kwenye kompyuta yako.