Injini yako itabeba hosipawa ngapi? Hesabu za fundi wa Kizota

Kijana akileta Mark II yenye 1JZ ya tabo (injini ya Toyota ya silinda sita; tabo ni feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hapa Kizota, Dodoma, swali ni lile lile: "Fundi, hii itabeba mia nne?" Namrudishia: mia nne kwenye mizunguko mingapi ya injini kwa dakika, kwa petroli gani, na unaishia Dodoma au unashuka Dar? Wengine hununa. Wamemwona mtu wa Australia amefikisha namba hiyo bila kufungua injini, na sikatai, amefikisha. Ila hiyo ni injini yake, petroli yake na mwinuko wa kwake.

Na msinitajie 280 ya kwenye kitabu kama ndiyo mwisho wa chuma. Hiyo ilikuwa namba ya makubaliano ya watengenezaji wa Japani wenyewe kwa wenyewe, ikadumu hadi 2004. Haikupimwa kwa kuangalia konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inakunjika wapi.

Hosipawa peke yake haivunji kitu. Kinachovunja ni presha ndani ya silinda, mizunguko, na joto. Chukua toki (nguvu ya kuzungusha) kwa Nyutonmita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 7,121, unapata hosipawa. Sasa igeuze hesabu. Hosipawa 300 kwenye mizunguko 6,000 ni toki ya 356. Hosipawa 300 hizo hizo kwenye mizunguko 4,000 ni 534. Namba moja, lakini ya pili inasukuma konrodi kwa nguvu moja na nusu ya ile ya kwanza. Ndiyo maana siipendi tabo ndogo iliyokazwa ijaze mapema kwenye injini yenye konrodi za kiwandani. Afadhali tabo inayochelewa kidogo, nguvu ije juu.

Juu nako kuna gharama yake. Boliti za konrodi huvutwa kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 6,000 kwenda 7,200 umeongeza mizunguko asilimia 20, lakini mvuto umepanda asilimia 44. Pima kasi ya pistoni: stroki (urefu wa mwendo wa pistoni) kwa mita, mara mbili, mara mizunguko, gawa kwa 60. Stroki ya 1JZ ni milimita 71.5, kwa hiyo kwenye 7,000 pistoni inakwenda wastani wa mita 16.7 kwa sekunde. 2JZ, injini ndugu yake, ina stroki ya 86, mizunguko hiyo hiyo inakupa 20. Kwa pistoni na boliti za kiwandani mimi naishia hapo kwenye 20. Zaidi ya hapo tuongelee vyuma vya foji, yaani vilivyofuliwa, na mfuko wako uongee pia.

Kabla ya kuongeza chochote, pima ulichonacho. Injini hizi zimefika zikiwa zimetumika, na kilomita za kwenye dashibodi kila mtu anajua zilivyo. Washa hadi ipate moto, zima, toa plagi zote, kata umeme wa koili na nozeli (zinazopulizia petroli), kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata huku geji ya kompresheni iko kwenye silinda. Hapa wengi hudanganyika. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina presha pungufu kama asilimia 12 kuliko ya Dar. Injini inayosoma psi 160 Dar itasoma karibu 140 hapa, na haina ugonjwa wowote. Nimeletewa gari ambalo mwenye nalo alishaambiwa anunue ringi kwa sababu tu ya usomaji huo. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 kati ya ya juu na ya chini, habari ya hosipawa imeisha kwa leo. Ile ya chini itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda shuku vavu au gasketi ya hedi.

Kikomo cha pili ni petroli inayoingia. Injini ya tabo hula takriban sisi (cc) 6 za petroli kwa dakika kwa kila hosipawa moja, na nozeli haifai kufunguka zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Tuseme una nozeli sita za sisi 380: jumla 2,280, asilimia 80 yake ni 1,824, gawa kwa 6, unapata kama 300. Mtu mwenye nozeli hizo akikuambia ana 400, ama hajui, ama anaendesha injini yenye njaa ya petroli. Ya pili ndiyo inayotoboa pistoni. Funga geji ya uwiano wa hewa na petroli kwenye ekzozi. Tabo ikiwa imejaa nataka kuona kati ya 11.5 na 12, yaani kilo za hewa kwa kila kilo ya petroli. Ikipanda kuelekea 13 ukiwa umekanyaga, achia.

Halafu suala la mwinuko, ambalo ndilo linaloharibu injini nyingi zilizofungwa huku. Springi ya westigeti (mlango unaozuia presha ya tabo isizidi) inapima presha juu ya hewa ya mahali ulipo. Geji ikisoma baa 0.8 hapa, presha halisi ndani ya injini ni kama 1.69. Shuka Dar na springi hiyo hiyo, geji inasoma 0.8 vile vile lakini ndani ni 1.81. Umeongezewa hewa asilimia 7 bila kugusa kitu. Injini iliyoweka 300 Dodoma inaelekea 320 Dar, na kama kontroli boksi (kompyuta ya injini) imepangwa kwa hewa ya huku tu, taimingi (wakati wa plagi kuwaka) na petroli hazitafuata sawasawa. Kwa hiyo namba salama ya injini ya Dodoma huhesabiwa kwa hewa ya Dar. Kinyume chake, ukitumia kontrola inayoshikilia presha halisi, ukipanda huku tabo italazimika kuzunguka kasi zaidi kufidia. Zile 1JZ za zamani zenye tabo mbili ndogo zina magurudumu ya seramiki upande wa ekzozi, na hayo hayabembelezwi. Baa 0.8 inatosha.

Petroli: injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani ya juu. Usidhani unayoweka Kibaigwa saa mbili usiku ni hiyo. Rudisha taimingi nyuma, kisha uangalie plagi. Nafanya hivi: gari livute gia ya tatu, zima likiwa bado linavuta, lisimame bila kuungurumishwa. Toa plagi, washa tochi ya simu, tazama kauri nyeupe kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama fedha, hizo ni chembe za pistoni yenyewe. Injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, hata kama husikii. Kwenye Subaru za EJ20 zenye pistoni za kusubu, hatua inayofuata ni ukingo kati ya ringi kukatika, na moshi wa bluu.

Giaboksi, klachi, breki: navyo vina vikomo, ila hivyo vikifa unavutwa tu.

Jaribio la mwisho si la sekunde kumi za kukanyaga Barabara ya Singida huku unachungulia trafiki mwenye tochi. Nenda Dumila mchana wa jua, pakia watu wanne, panda Gairo kwa mwendo halali gia ya juu, mzigo mfululizo. Tazama joto la maji na la oili. Kama joto linapanda na halitulii, namba uliyopewa kwenye karatasi si yako, punguza presha hadi litulie.

Wenye Land Cruiser mkonga yenye injini ya dizeli ya 1HZ mnaotaka kufunga tabo, hesabu yenu ni nyingine. Injini hiyo ilitoka kiwandani bila tabo, na kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1. Hedi hupasuka kwenye vyumba vidogo vya mlipuko kabla konrodi haijalalamika. Psi 7 ni za kutosha kabisa. Usifunge bila geji ya joto la ekzozi, na kipimo chake kikae kabla ya tabo, si baada. Ikigusa nyuzi 700 mkiwa mnapanda, ondoa mguu, egesha pembeni injini ikiwa inanguruma taratibu hadi ipoe, rudisha skrubu ya dizeli robo mzunguko, mpande tena.